Mugeni wa Kator

Asubuhi ya kwanza niliyoamka Kator, mtaa mmoja wa Juba, nilifungua mlango nikamkuta bibi mwenye nyumba amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, mikono kwenye magoti, kama mtu aliyeagizwa kuhakikisha sitoroki na ndoo zake. Nilikuwa nimefika Juba jana yake kutoka Kenya. Mzigo wangu ulikuwa begi moja na kifimbo changu cha kusukumia chapati, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kukanda na kuoka katika jiko la hoteli moja kule Amarat, na sikuamini kwamba wangekuwa na kifimbo cha maana. Bibi aliniuliza kitu kwa Kiarabu cha Juba. Sikuambulia hata neno moja. Nikafanya ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya: nikatabasamu, nikajigusa kifua, nikasema, "Mimi ni mgeni."

"Mugeni," alirudia polepole, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha uso wake wote ukachangamka. "Mugeni! Kwes, kwes!" Akaingia ndani, akarudi na chai ya tangawizi kwenye glasi ndogo, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Siku ile nilifurahi. Nilijua tayari kwamba kwes maana yake ni vizuri, na nikajisemea kwamba nimepata mama wa kupangia kwake. Sikujua kwamba nimejibatiza mwenyewe. Tangu asubuhi hiyo, katika ua ule, jina langu lilikuwa Mugeni.

Nieleze ua wenyewe. Vyumba vilipangwa mstari mmoja chini ya paa la mabati, na katikati palikuwa na rakuba, yaani kibanda cha nguzo na nyasi ambapo watu hukaa mchana jua likikataa kuchezewa. Kengele ya kanisa kuu ilisikika hadi chumbani. Pembeni palikuwa na mapipa ya maji, ambayo lori la tanki la buluu liliyajaza pale dereva wake alipojisikia kuja. Bibi alikuwa Mbari, mtu wa kabila la Bari, mzaliwa wa hapo hapo, mjane, na kiwanja kilikuwa chake. Wapangaji wote tulimwita Haboba, neno la pale la kumwita bibi. Alikuwa mwembamba, mkali kwa mbuzi na mpole kwa watoto, na Kiswahili chake alikiokota vipande vipande sokoni, kwa wauza nyanya wa Uganda na wauza simu wa Kenya.

Mimi ni mtu wa Voi. Katika Kiswahili nilicholelewa nacho, mgeni ni mtu mzuri sana kwa muda mfupi. Hupewa kiti kizuri, huulizwa habari za njiani, halafu husindikizwa hadi barabarani. Mtu akikuita mgeni wiki ya kwanza amekuheshimu. Akikuita mgeni mwaka wa tatu, anakuonyesha mlango uko upande gani. Hivyo ndivyo nilivyosikia kila asubuhi Haboba alipopaza sauti kutoka chini ya rakuba, "Mugeni! Ita gum kef?" Alikuwa akiniuliza nimeamkaje. Masikioni mwangu alikuwa akiniuliza naondoka lini.

Ningevumilia kama wote tungekuwa wageni. Lakini chumba cha pili alihamia mwanamke kutoka Arua, Uganda, mwenye duka dogo la sabuni, sukari na vocha za simu, na kabla hata hajamaliza kutundika pazia, Haboba alikuwa anamwita "biniya tai". Maana yake ni binti yangu. Nesi aliyepanga chumba cha mwisho naye alikuwa biniya tai. Msichana aliyekuja kusuka nywele Jumamosi, mwenye kuondoka na kitana cha kila mtu, biniya tai. Mimi niliyemsukumia Haboba chapati kila Jumapili baada ya misa, niliyemshika mkono alipoteleza kwenye tope la mvua, nilibaki Mugeni. Nilikuwa na wivu, na ninausema wazi maana niliuishi wazi. Nilikuwa napika nikinung'unika.

Siku moja uvumilivu uliniishia. Alinituma chumvi dukani, "Mugeni, tafadhali," mbele ya watu, nami nikaweka mikono kiunoni. "Haboba," nikasema, "miaka yote hii nimekaa hapa. Nimezalia hapa. Bado mimi ni mgeni tu?"

Alinitazama kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Aywa!" akasema. "Mugeni! Mugeni bes!" Ndiyo, Mugeni tu. Akanipigapiga shavu kwa kiganja chake kikavu, mara mbili tatu, kama anayepongeza mtoto aliyekariri vizuri. Nilirudi chumbani nikabamiza mlango hadi plasta ikamwagika kitandani. Yule wa Arua alinifuata, akaegemea mlangoni akicheka. "Wewe iko na hasira ya bure," aliniambia. "Huyu mama anakupenda sana. Mimi naona na macho yangu." Nikamwambia apendwe yeye aliyeitwa binti, mimi aniache na chumvi yangu.

Nimesema nimezalia pale. Binti yangu alizaliwa Juba, miezi michache baada ya wanajeshi kupigana mjini. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikata kona, na habari zake zinaishia hapo. Siku risasi zilipolia mjini, wenzangu wengi wa Amarat walipandishwa ndege wakaenda makwao. Mimi nilibaki chumbani kwa Haboba, tumbo mbele, tumelala chini ya kitanda chake na mbuzi mmoja ambaye hakukubali kuachwa nje. Kusema kweli sikubaki kwa ushujaa. Nilibaki kwa sababu njia ya kutoka Kator hadi uwanja wa ndege ilikuwa haipitiki, na ningeipata ningekimbia bila kufunga mlango. Lakini Haboba hakuniuliza sababu. Aliona tu kwamba vumbi lilipotulia bado nilikuwepo, naye akachemsha chai.

Mtoto alikulia mgongoni na mapajani mwake. Alijifunza Kibari cha matusi madogo, Kiarabu cha Juba cha kila kitu, na Kiswahili kilichonitoa jasho. "Mama, mimi iko na njaa," angeniambia, nami ningemrekebisha, "Mimi nina njaa," naye angenijibu, "Hata mimi." Alipofikia umri wa shule ya maana, tulishindwa. Shule nzuri za Juba zilitaka dola, na mimi nililipwa kwa pauni ambazo thamani yake ilibadilika kati ya kwenda sokoni na kurudi. Nikampeleka shule ya bweni Gulu, kaskazini mwa Uganda, kama wazazi wengi wa Juba wanavyofanya. Nikawa mama wa likizo.

Haboba hakuwahi kunidai kodi ya dola, na kodi yake ilikuwa ya huruma. Hilo lazima niliseme. Kilichonishinda ni vingine vyote. Maji, makaa, unga, sabuni, nauli ya bodaboda kwenda Amarat na kurudi, kila kitu kilipanda ngazi na hakuna kilichoshuka. Hotelini wageni walipungua, mashirika yalipofunga ofisi zao moja baada ya nyingine, na siku zangu za kazi zikapunguzwa pia. Nilianza kujikuta nafanya kazi mjini ili niweze kumudu kuishi mjini, na mtoto wangu analala kwenye kitanda cha bweni katika nchi nyingine.

Kisha safari moja nikampeleka shuleni mwanzoni mwa muhula, nikabaki Gulu siku kadhaa. Nikaona nyumba ya vyumba viwili yenye bomba la maji uani, maji yanatoka ukifungua, na nikasimama nikiyatazama kama mshamba. Niliuliza bei ya unga wa ngano, nikauliza tena nikidhani sijasikia vizuri. Mtaa mzima haukuwa na mtu anayeoka mkate wa kueleweka. Nikapiga picha kichwani ya maisha hayo: mimi na oveni, mtoto anatoka asubuhi kwenda shule ya kutwa na jioni anarudi kwangu. Sasa ndiyo maisha yenyewe. Ninaandika haya mezani hapa hapa Gulu, naye yuko upande wa pili anafuta hesabu kwa kidole badala ya ufutio.

Niliporudi Kator nilimwambia mwenzangu wa Arua kwanza. Aliniuliza, "Kweli unaenda? Na ile kitanda yako, nani anachukua?" Haboba sikumwambia. Niliahirisha kila siku. Nilikuwa na jambo langu moja nililotaka kabla ya kuondoka, na nilijua nikishamwambia nahama nitakuwa nimelipoteza. Nilitaka aniite biniya tai. Mara moja tu. Nacheka nikiandika, mwanamke mzima mwenye mtoto wa shule, lakini nilitaka nitoke katika ua ule nikiwa mtu wa ua ule. Nilitaka kujua kama miaka yangu Juba ilikuwa maisha, au ilikuwa safari ndefu ya kikazi.

Basi nikaanza kulitafuta neno hilo kama anayegombea ubunge. Nilimnunulia kitenge cha maua ya zambarau, akajifunga papo hapo, akazunguka nacho. "Shukran, Mugeni." Nikatafuta fundi akaezeka upya upande wa rakuba uliovuja. "Mugeni, kwes shedid," vizuri sana. Nikampikia pilau la kwetu Jumapili, akala hadi ukoko, akasema kwa majirani kwamba hakuna mpishi Juba nzima kama Mugeni wake. Mugeni wake! Hata hiyo niliichukua vibaya. Nilisikia mtu anayejisifia mgeni aliyemfikia.

Siri ilitoboka kupitia kitanda. Yule wa Arua alikuwa amekinunua, na mchana mmoja alileta mkokoteni kukichukua, akidhani nimeshasema. Haboba alikuwa chini ya rakuba anachambua mchele. Aliona miguu ya kitanda ikitangulia mlangoni, akaweka ungo chini.

"Mugeni, kitanda inaenda wapi?"

Ndipo nikasema. Nilisema kwa lugha yake, kwa heshima, nikitumia maneno ambayo kila mtu Juba anayajua. Nilimwambia, "Haboba, ana bi ruwa geni fi Gulu." Nitaenda kukaa Gulu.

Alinitazama kama niliyesema upuuzi. "Geni? Fi Gulu?" Akainuka, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda. "Hapana. Ita Mugeni. Mugeni ni hini." Wewe ni Mugeni, na Mugeni ni hapa. Akaonyesha ardhi kwa kidole.

Miaka yote ikanipanda kichwani. Nilifoka, na nilifoka kwa Kiswahili changu cha Voi, maana hasira haina tafsiri. "Ndiyo, mimi ni mgeni! Umeniita mgeni tangu siku niliyoingia! Wenzangu wote ni mabinti zako, mimi peke yangu mgeni. Sasa mgeni anaondoka, unashangaa nini? Si ndiyo kazi ya wageni, kuondoka?"

Haboba hakukasirika. Alimgeukia mwenzangu wa Arua, akamuuliza kwa Kiarabu ninasema nini. Mwenzangu akaachia mkokoteni, akamweleza. Nikamwona Haboba anakunja uso, anamwambia arudie. Mgeni anaondoka? Mgeni gani anayeondoka?

"Sikiliza," Haboba akaniambia, akaja karibu, akakusanya Kiswahili chake chote. "Nyinyi watu ya Kenya mnaweka mu mbele. Muganda, mutu ya Uganda. Mukenya, mutu ya Kenya. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Haboba."

"Mugeni. Mutu ya geni. Mutu ya kukaa." Akapiga kifua chake. "Siku ya kwanza mimi nauliza, ita geni wen, unakaa wapi. Wewe unajibu, mimi mugeni. Mimi ni mutu ya kukaa. Mimi nafurahi sana. Nasema, kumbe huyu hatakwenda."

Mwenzangu wa Arua aliangua kicheko hadi akashika mkokoteni asianguke. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na mto wa kitanda kifuani, na maneno yanashuka ndani yangu moja moja.

Nilikuwa nalijua neno hilo. Nani Juba hajui geni? Nililitumia kila siku ya Mungu. Dereva wa bodaboda akiniuliza ita geni wen, nilimjibu bila kufikiri, ana geni fi Kator, ninakaa Kator. Muda mfupi tu kabla ya hapo nililitamka mwenyewe, mbele yake. Lakini neno la Kiarabu cha Juba lilikaa upande mmoja wa kichwa changu, na mgeni wa mama yangu alikaa upande mwingine, na hata siku moja hawakupeana mkono. Aliponiita, nilisikiliza kwa sikio la Voi. Kila asubuhi aliniambia, wewe unayekaa, umeamkaje. Nami kila asubuhi nilinuna.

"Na biniya tai?" nikamuuliza, kwa sauti ndogo. "Wengine wote uliwaita binti yangu."

Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Biniya ni ya kuenda," akasema. Mabinti zake wa kuzaa walikuwa watatu, na nilijua walipo: mmoja Khartoum, simu yake haipatikani tena, mmoja Kampala, mmoja Australia, anayetuma picha za watoto wanene ambao Haboba hajawahi kuwashika. Wote alikuwa amewasindikiza hadi kwenye lango la ua. Nesi naye alikuwa ameshaondoka. Msusi ameshaondoka. "Biniya anakuja, anakula, anapata bwana ama kazi, ruwa, anakwenda. Kila biniya, ruwa. Mimi nikasema sawa, Mungu amenipa mmoja ya kukaa." Kisha akakumbuka jambo, macho yakamwangaza. "Ile siku ya risasi, wote wakimbia. Wewe chini ya kitanda na mimi. Nasema, unaona? Mugeni."

Sikumwambia habari za njia ya uwanja wa ndege. Nilikaa kwenye ukingo wa mkokoteni na nikalia, kwa sauti, mchana kweupe, na mwenzangu wa Arua akaacha kucheka, akachukua ule mto mikononi mwangu.

Nilifikiri kubaki. Nitasema hivyo kwa sababu ni kweli. Ningeweza kumwambia mwenzangu arudishe kitanda ndani, na angenielewa. Lakini nilikuwa nimeshalipia ile nyumba ya Gulu, na mtoto wangu alikuwa ameshawaaga wenzake wa bwenini, kila mmoja, akiwaambia sasa atalala kwa mama yake. Haboba alijua. Ndiye aliyemlea. Aliniuliza jambo moja tu jioni ile: mtoto atalala kitanda chake peke yake au changu? Nikamwambia changu kwanza, hadi azoee. Akatikisa kichwa akikubali, akarudi kwenye mchele wake.

Siku zilizobaki alinisemesha kama kawaida, kuhusu maji, mbuzi, bei ya kitunguu. Ila nilitambua kwamba haniiti. Alisubiri nimtazame ndipo aseme. Asubuhi hakupaza sauti kutoka kwenye rakuba. Nilikuwa naamka mapema nikikaa nyuma ya mlango wangu, nikisikiliza, kama aniite Mugeni, nami safari hii niitike vizuri. Nilisikia ufagio na kengele ya kanisa.

Siku ya kuondoka, nilipofungua mlango, alikuwa kwenye kile kiti cha plastiki mbele yangu, mikono kwenye magoti, amejifunga kitenge cha maua ya zambarau. Alinipa kopo la karanga za kusagwa kwa ajili ya mtoto, limefungwa kwa mfuko juu ya mfuko lisimwagikie nguo. Nikampa kifimbo changu cha chapati. Alikigeuza mkononi, akasema hajui kutengeneza duara, zake hutoka ramani. Nikamwambia hata ramani huliwa.

Bodaboda ilikuwa langoni ikinguruma, maana basi la kwenda mpakani Nimule halingoji mtu. Mwenzangu wa Arua alinibebea begi. Haboba alikuja nasi taratibu, ameshika mkono wangu juu ya kiwiko, na pale langoni akasimama mahali ambapo najua alisimama na wale watatu. Aliweka kiganja chake kikavu kwenye shavu langu. Nikamwomba moyoni aseme Mugeni. Sijawahi kulitaka neno kama nilivyolitaka hilo.

"Ruwa kwes," aliniambia. Nenda vizuri. "Ruwa kwes, biniya tai."

"Umesikia?" mwenzangu akanigonga kiwiko, amefurahi kwa ajili yangu. "Leo amekuita binti!"

Nikamwambia nimesikia. Nikamshukuru Haboba, nikapanda bodaboda.